KIVUI MWENDWA: MZEE WA KITUI ALIYEJUA VITAMBAA

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kimenipa nafasi ya kusimulia maisha ya mtu mashuhuri. Wenzangu walinishauri nimwandike Syokimau, yule mtabiri wa Ukambani, na wengine wakataka mwanasiasa. Mimi nimemchagua Kivui Mwendwa wa Kitui, ambaye vitabu vingi humwandika Kivoi. Najua mtasema huyu tunamjua. Ndiye aliyempokea Krapf, na Krapf akauona Mlima Kenya. Swali likija kwenye mtihani tunajibu, tunapata alama yetu moja, basi, tunamsahau mpaka mtihani mwingine.

Lakini mimi ninasomea ushonaji, na nilipozidi kusoma habari zake nikaona kumbe mzee huyu alikuwa mtu wa vitambaa. Huo mlima ulikuwa kando ya njia tu. Kazi iliyompa jina kutoka Kitui hadi Mombasa ilikuwa kupeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kwa hiyo nitayasimulia maisha yake nikiufuata uzi huo.

Tuanze na nchi yenyewe. Wakamba walikaa kwanza katika vilima vya Mbooni, ambavyo leo viko Makueni, kisha wengine wakavuka mto Athi wakaingia Kitui. Anayetoka huku hahitaji kuelezwa ukame ni nini. Mvua ikikosa misimu miwili, ghala huwa tupu. Basi watu walizoea kutoka kwenda kwa majirani kutafuta chakula kwa kubadilishana, na safari hiyo kwa Kikamba huitwa kuthuua. Walibeba mishale, sumu ya mishale, vyombo na mapambo, wakarudi na nafaka au mbuzi. Njaa ya mwaka 1836 iliwasukuma baadhi yao hadi karibu na Rabai, nyuma ya Mombasa, wakajenga huko. Hivyo Mkamba wa Kitui akawa na ndugu pande zote mbili za njia. Safari ya kutafuta mtama ikageuka kuwa biashara kubwa.

Katika biashara hiyo ndimo Kivui alimoinuka. Hakuwa mfalme, maana Wakamba hawakuwa na wafalme. Alikuwa kiongozi wa misafara, mtu ambaye watu walikubali kumfuata kwa sababu alijua maji yako wapi, nani wa kupewa hongo, na nani hapaswi kuaminiwa. Krapf aliandika kwamba misafara ya Wakamba ilikuwa ya watu 200 hadi 300. Hebu fikiria watu 300 wakitembea kwa mguu zaidi ya kilomita 300 hadi pwani, wakipita nyika ya Tsavo yenye kiu na simba, pembe zikiwa begani. Si mchezo. Wengi wetu tukipanda basi kutoka Kitui kwenda Mombasa tunalalamika miguu imekufa ganzi.

Sasa nifike kwenye nguo. Zamani hizo mavazi ya Ukambani yalikuwa ya ngozi iliyolainishwa, yakapambwa kwa shanga na shaba. Kitambaa cha pamba kilipoanza kufika kilikuwa cha namna mbili hasa. Cha kwanza ni kaniki, nguo ya Bara Hindi iliyotiwa rangi ya nili hadi ikawa buluu nzito karibu na nyeusi. Kaniki haionyeshi moshi wala vumbi upesi, na mtu apikaye kwa mafiga matatu anajua faida yake. Cha pili ni marekani.

Marekani kilifumwa kweli Marekani, katika viwanda vya kaskazini-mashariki ya nchi hiyo, kikapakiwa merikebuni kwenye bandari ya Salem, Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulifanywa mwaka 1833, na mwaka 1837 Wamarekani wakaweka balozi mdogo Unguja. Mwaka huohuo wa 1837 Sayyid Said aliitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui. Basi nguo ikishuka Unguja ilifika Mombasa, ikaingia mikononi mwa Waswahili, nao wakawauzia Wakamba. Pembe nazo zilikwenda njia ileile kinyume. Nyingi za pembe za Afrika Mashariki zilifika jimbo la Connecticut zikakatwa kuwa vitana na vibao vya piano. Bwana we, ndovu alivuka bahari akawa piano, na shamba la pamba likavuka bahari likawa shuka begani mwa mzee wa Kitui!

Kwa nini marekani na si nguo nyingine? Hapa wanaushonaji wenzangu watege masikio. Marekani kilikuwa kitambaa cheupe cha kikijivu kisichopaushwa, kizito, kimefumwa kwa nyuzi nene zilizobanana mtande na mshindio. Viwanda vingine, hasa vya Uingereza, vilikuwa na ujanja wa kutia wanga na udongo mweupe kwenye kitambaa chepesi ili kionekane kizito. Dukani kinapendeza. Ukikifua mara moja ule wanga unaondoka, unabaki na kitu kama chandarua. Watu wa bara waliugundua ujanja huo mapema, wakashikilia marekani yao, na mfanyabiashara aliyewapelekea nguo dhaifu alirudi nayo.

Tena kumbukeni kwamba siku hizo nguo haikushonwa kama tunavyoshona sisi. Shuka lilifungwa begani au kiunoni, basi. Sisi tukinunua kitambaa dhaifu tunaweza kukiwekea bitana, tukaongeza upindo, tukaficha aibu. Shuka halina pa kuficha kitu. Lazima kitambaa chenyewe kiwe imara, kwa kuwa hicho hicho kilikuwa vazi mchana na blanketi usiku, kitambaa cha kufungia mzigo njiani, na hata fedha ya kulipia hongo. Kwa maoni yangu aliyechagua kitambaa wakati ule alikuwa na mtihani mgumu kuliko wetu wa darasani. Akikosea, msafara mzima unarudi nyumbani na mali isiyonunulika.

Kipimo kilikuwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni shuka, ambalo ni kama yadi 2. Mashuka 2 ni doti, na kitambaa kizima kilichokunjwa kutoka kiwandani ni jora, kama yadi 30. Piga hesabu mwenyewe: jora moja linatoa mashuka 15. Mnunuzi mwerevu alikwenda sokoni na mtu mrefu wa kumpimia, na muuzaji mwerevu alimtafuta mfupi. Sijui kama ndiyo sababu mafundi wa siku hizi hawaachi utepe wao shingoni!

Pamoja na sifa hizi nisifiche upande wa pili. Boma la Kivui lilikuwa na wake wengi na wafuasi wengi, na lilikuwa na watumwa pia. Ndovu nao walikwisha upande wa karibu, wawindaji wakalazimika kuvuka mto Tana kuwafuata mbali zaidi. Kila shuka lililofika Kitui lililipiwa na kitu, na si kila mara aliyelipa ndiye aliyevaa.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, akajenga Rabai. Alitaka kuhubiri bara, na njia ya bara ilikuwa mikononi mwa Wakamba. Mnamo Novemba 1849 akafunga safari, akapita Taita na Tsavo, akakatiza Kikumbulyu, ambako leo ni upande wa Kibwezi katika Makueni, akavuka Athi na uwanda wa Yatta hadi kwa Kivui. Mzee akampokea vizuri. Akamweleza habari za mlima mwingine mrefu wenye kichwa cheupe mfano wa ule wa Uchagani, maana alikuwa ametembea huku na huko. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakafunguka na Krapf akauona akiwa Kitui. Wakamba waliuita Kiinyaa, na wazee hueleza kuwa jina hilo latokana na mbuni dume, mwenye manyoya meusi na meupe. Nchi nzima ikaja kuitwa kwa jina hilo. Wataalamu wengine wa Ulaya, waliokaa vitini mwao, wakambishia Krapf kwamba theluji haiwezi kuwa kwenye mstari wa Ikweta. Ni mpaka Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 ndipo ubishi ulipoisha.

Krapf alirudi tena mwaka 1851. Alijaribu kuanzisha kituo Yatta, wapagazi wake wakamwacha, akaenda Kitui kwa rafiki yake. Kivui alikuwa akijiandaa kwa safari ya pembe upande wa Tana, na Krapf alitamani kuuona mto huo, hivyo wakaondoka pamoja mwezi wa Agosti na kikundi kidogo, si ule msafara wa mamia ya watu. Walipokaribia mto wakashambuliwa na wanyang'anyi wenye mishale ya sumu. Wengi walitawanyika porini. Kivui hakukimbia mbali. Aliuawa pale pamoja na watu wake wa karibu, na msafara ukaishia hapo.

Ngoja nitoe jambo dogo hapa ambalo limenikaa kichwani. Tarehe 12 Agosti mwaka huohuo wa 1851, huko Marekani, Isaac Singer alipewa hati ya kuimiliki cherehani aliyoiunda. Yaani mwezi mmoja uleule aliuawa mfanyabiashara wa nguo wa Kitui, na ikapata hati mashine ambayo baadaye ingekaa kwenye kila baraza ya duka kutoka Mutomo hadi Wote. Hawakusikiana kamwe.

Krapf aliponea peke yake. Alifika Tana usiku, akanywa, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Mitutu akaiziba kwa nyasi na vipande vya kitambaa alivyokata kwenye suruali yake. Kipande cha nguo kilimfaa kuliko risasi siku hiyo. Alitangatanga kwa njaa na kiu, akatafuna majani na hata baruti, mpaka akarudi kwa watu wa Kivui.

Huko hakukuwa na makaribisho. Ndugu za marehemu walimwuliza vipi mzee wao amekufa naye amerudi mzima. Wengine walitaka auawe. Wazungu walioandika baadaye waliwalaumu watu hawa kwa ukatili, lakini mimi nikijiweka mahali pao naona swali lao lilikuwa la haki. Mgeni alikuwa na bunduki, mwenyeji wake ameuawa, na familia haina hata mwili wa kuzika. Krapf alitoroka usiku, akapita Yatta, akafika Rabai mwaka huohuo. Aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853. Kitabu chake cha safari kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1860, na kamusi yake ya Kiswahili, ambayo sisi wa Chama tunapaswa kuiheshimu, ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Yote tunayosoma shuleni juu ya Kivui yamepitia kalamu ya mgeni huyu, ndiyo maana mlima umekuwa mkubwa na nguo zikawa ndogo.

Baada ya Kivui viongozi wengine wa Ukambani waliendelea, ila faida ilianza kupungua. Wafanyabiashara wa pwani waliizoea njia wakawa wanaingia bara wenyewe, na mwisho wa karne reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Kibwezi na Makindu. Jora la kitambaa lililobebwa begani kwa majuma sasa likaja kwa siku moja au mbili.

Marekani yenyewe ilipata msukosuko mapema. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kutoka mwaka 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi. Wao walifuma, lakini wanunuzi wa bara waliendelea kuita marekani. Mpaka leo jina ndilo hilo, na kile kitambaa cheupe cha kikijivu ndicho tunachojaribia mkato wa gauni kabla hatujakata kitenge cha watu tukakiharibu. Ukienda kukinunua, kifikiche kwa nguvu kati ya vidole juu ya sketi nyeusi. Ukiona unga unadondoka, mrudishie mwenyewe. Kikiwa safi, kiinue kwenye mwanga uone nyuzi zimebanana vipi, vuta marefu na mapana, kisha kiloweke usiku mmoja kabla ya kukata, maana pamba hurudi. Mimi ninatia yadi 3 chini ya viraka vya mfarishi ninaoushona kutoka mabaki ya sare na leso, na hadi sasa mshono haujavutika.