Maisha ya Sayyid Barghash bin Said na Safari Yake ya Ulaya

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamesikia habari za Beit al-Ajaib, jumba kubwa lililo pwani ya mji wa Unguja. Lakini si wengi wanaojua kwamba mfalme aliyelijenga, Sayyid Barghash bin Said, alisafiri mpaka Ulaya mwaka 1875, akatazama mambo ya huko kwa macho yake mwenyewe, kisha akarudi kwao akafanya kazi kubwa. Basi nitaeleza maisha yake kwa ufupi, na hasa safari hiyo, maana ina mafunzo kwetu sisi vijana.

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, na mama yake alikuwa Mhabeshi. Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki baharini akitoka Omani, na Barghash alikuwamo merikebuni. Merikebu ilipofika Unguja, kijana huyu alijaribu kushika utawala, asiweze. Aliyetawala ni ndugu yake, Sayyid Majid.

Mwaka 1859 Barghash alijaribu tena. Safari hii alisaidiwa na baadhi ya ndugu zake, miongoni mwao binti mdogo jina lake Salme, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu. Salme alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, kwa kuwa wanawake wa nyumba ile hawakufundishwa kuandika, na kwa hiyo yeye ndiye aliyeandika barua za waasi. Waingereza wakamsaidia Majid, maasi yakavunjika, na Barghash akapelekwa Bombay. Alikaa huko kama miaka miwili, akaona mji mkubwa wa biashara na mambo mapya mengi. Twaweza kusema kwamba safari yake ya kwanza ya kujifunza ilikuwa adhabu.

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akapata kiti. Sayyid Majid alikuwa ameanza kujenga mji mpya pwani ya Mrima, akauita Dar es Salaam. Barghash hakuupenda mpango ule. Aliuacha, na majumba yaliyokwisha kujengwa yakaanza kubomoka. Sisi tunaokaa Temeke na Kinondoni na tukumbuke jambo hili, maana litarudi mbele.

Mwanzo wa utawala wake ulikuwa mzito. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeua maelfu ya watu mjini. Aprili 1872 ikaja tufani kali, ikazamisha merikebu zake bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata Waingereza wakamtaka aikomeshe biashara ya watumwa. Hatupasi kuficha kwamba utajiri wa Unguja wakati huo ulitoka katika karafuu, pembe za ndovu na watumwa, na kwamba Barghash hakukubali kwa hiari. Alipoambiwa kwamba manowari zitaifunga bandari yake, alitia sahihi mkataba, tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na kanisa la Waanglikana likajengwa mahali pale. Hata hivyo utumwa wenyewe uliendelea mashambani hata baada ya kufa kwake, mpaka sheria ya mwaka 1897.

Miaka miwili baada ya mkataba ule, serikali ya Uingereza ilimkaribisha London. Sayyid Barghash akaondoka pamoja na wakubwa wake na Balozi wa Kiingereza, Dokta John Kirk. Walipita Aden, wakaingia katika mfereji wa Suez, ambao ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, wakafika Uingereza mwezi wa Juni.

Huko alipokewa kwa heshima kubwa. Alionana na Malkia Victoria katika ngome ya Windsor, ambayo ni makao ya wafalme wa Kiingereza kwa karne nyingi. Alipelekwa Crystal Palace, jumba la vioo na chuma lililojengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya 1851. Alikwenda Brighton, mji wa pwani wenye jumba la kifalme ambalo kuba zake zimeigwa za Bara Hindi. Maana Wazungu nao huiga vitu vya watu wengine wakivipenda. Kisha akaenda Liverpool, Manchester na Birmingham, miji ya bandari, ya nguo na ya chuma. Kutoka Uingereza alivuka kwenda Paris, na katika kurudi akapita Misri. Habari za safari nzima ziliandikwa kwa Kiarabu na mwandishi wake, Zahir bin Said, zikapigwa chapa London. Hili ni jambo la kusifiwa, kwa kuwa wasafiri wa Kizungu walioandika habari zetu ni wengi, lakini wa kwetu walioandika habari za Ulaya zamani zile ni wachache.

Lilikuwako jambo moja la huzuni katika safari ile. Salme, aliyemwandikia barua za maasi, alikuwa ametoroka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Mumewe alikuwa amekwisha kufa, naye alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alisafiri kutoka Ujerumani mpaka London apate kuonana na kaka yake na kuomba msamaha. Wakubwa wa Kiingereza walimshawishi asimwendee, na hawakuonana.

Aliporudi, Barghash alianza kazi. Alileta maji safi ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, na wananchi wakayachota bila malipo. Alinunua meli za moshi za kufanya biashara na Bara Hindi. Aliweka mtambo wa kupiga chapa vitabu vya Kiarabu. Kadhalika mabafu ya Hamamni yalijengwa zama zake kwa namna ya Kiajemi. Mwaka 1883 ikamalizika Beit al-Ajaib, yenye nguzo za chuma na baadaye taa za umeme. Lakini milango yake ni ya mbao zilizochongwa kwa ufundi wa pwani, na imeandikwa aya za Kurani. Hakuacha vya kwao kwa kuona vya wenzake; alivikalisha pamoja.

Basi je, heshima aliyopewa Ulaya ilimlinda? La. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya sahihi za machifu, na mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ikazipa nguvu. Sayyid Barghash alipinga. Agosti mwaka ule manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya jumba lake, na Salme alikuwa amekuja pamoja nazo. Kaka yake akakataa kumwona. Waingereza, wenyeji wake wa 1875, hawakumtetea. Mwaka 1886 mataifa yale mawili yakapatana, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Mwaka 1887 Wajerumani wakaweka kituo Dar es Salaam, mji ule ule alioupuuza. Sayyid Barghash alifariki Machi 1888.

Sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka Desemba 2020, jambo lililowasikitisha wengi. Lakini mafunzo ya mwenye jumba yangaliko. Ndugu wanafunzi, tukipata nasaba ya kwenda nchi za mbali, tutazame sana, tuandike tuliyoyaona, na turudi na kitu cha kuwafaa wengi, kama maji yale ya mabomba. Na tukikaribishwa vizuri, tushukuru, lakini tusisahau kuilinda nyumba yetu.