Richard Hindorf: Miche 62 iliyozaa mkonge wa Tanganyika

Mkulima wa Usoke anayehesabu miche ya tumbaku iliyopona kitaluni atamwelewa Richard Hindorf. Mtaalamu huyu wa kilimo, Mjerumani aliyezaliwa 1863, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikapitia Hamburg, mingi ikafa njiani. Mwaka 1893 ilipofika Tanganyika, iliyokuwa hai ni 62 tu!

Hakukata tamaa. Ikapandwa karibu na Pangani, ikatunzwa, ikazaa mingine, mashamba yakaenea Tanga na kwingineko. Vijana wengi wa Unyamwezi wakaacha kwao kwenda kukata mkonge huko, wakiitwa manamba.

Hindorf alifariki 1954. Wakati huo mkonge ulikuwa unaiingizia Tanganyika fedha nyingi za kigeni.