Margaret Pittman, aliyemtambua bakteria mwenye ganda

Margaret Pittman alizaliwa mwaka 1901 katika jimbo la Arkansas, Marekani, binti wa daktari. Mwaka 1928 aliingia Taasisi ya Rockefeller jijini New York na kuanza kumchunguza bakteria aitwaye Haemophilus influenzae.

Bakteria huyo hukaa kooni mwa watoto wengi wenye afya. Kwa nini basi wengine aliwaua kwa homa ya uti wa mgongo? Mwaka 1931 Pittman alionyesha kuwa jina lilikuwa moja, mzigo tofauti. Wengi wanaokaa puani na kooni hawana ganda. Wengine wamejifunika ganda la sukari, na chembe nyeupe za damu hushindwa kuwameza. Wenye ganda aliwagawa katika aina zilizofikia sita, a hadi f. Katika maji ya uti wa mgongo ya watoto wagonjwa, aliyeonekana karibu kila mara ni aina b. Antibiotiki hazikuwapo bado. Aliyeugua, aghalabu alizikwa.

Baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza maabara kubwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Alifariki mwaka 1995, chanjo dhidi ya aina b ikiwa tayari inatumika nchini mwake. Huku ilichelewa: Kenya iliianza 2001, Uganda 2002, Tanzania 2009. Mama mfanyabiashara anayevuka Namanga au Busia na mtoto mgongoni ataikuta kwenye kadi ya kliniki, ndani ya sindano iitwayo Penta.