Martin Luther King Akiwa Campo: Luku Kali, Gredi za Kawaida na Kiti Alichopokonywa kwa Basi

Kama ulikuwa unadhani Martin Luther King alizaliwa tu akihutubia watu 250,000 pale Washington, hebu kaa chini tupige stori. Kabla ya Nobel, kabla ya kutupwa seli mara kibao, huyu msee alikuwa fresha wa miaka 15, anaishi kwa wazazi, na akili yake ilikuwa kwa nguo na madem kuliko vitabu. Hiyo sehemu watu huiruka sana, na ndiyo tamu.

Tuanze na basi. Aprili 1944 Martin alikuwa bado high school Atlanta. Akaenda shindano la kuhutubia kwa mji unaitwa Dublin, huko huko Georgia. Mada yake ilikuwa mtu mweusi na katiba ya Marekani. Akashuka jukwaani, usiku wakapanda basi na mwalimu wake kurudi nyumbani. Basi likajaa, dereva akawaamuru wasimame wawaachie wazungu viti. Martin alikaza kwanza, ikabidi mwalimu ambembeleze ndio kisiumane. Wewe ukisimamishwa kwa mat kutoka Railways hadi Rongai tayari unamtusi konda. Huyu kijana alisimama karibu kilomita 145, ni kama Nairobi hadi Nakuru hivi, na ametoka tu kuhutubia watu kuhusu haki kwa katiba. Baadaye akiwa mtu mzima alikiri kwamba hajawahi kukasirika maishani kama usiku huo.

Kiangazi hicho akaenda kutafuta karo. Morehouse ilikuwa na mpango wa kupeleka vijana kaskazini, Connecticut, kufanya vibarua kwa mashamba ya tumbaku huko Simsbury. Kazi ni ya jua na mgongo, lakini wikendi wanaenda mjini Hartford, wanaingia mkahawa wowote na wanakaa popote. Hakuna mtu anawafukuza. Halafu akapanda treni kurudi kwao. Wakifika Washington anaambiwa ahamie behewa la weusi, na akienda kula wanamvutia pazia ndio wazungu wasimwone akitafuna. Fikiria umeonja uhuru miezi michache tu, kisha unafungiwa pazia ukiwa na uma mkononi.

Septemba akaingia Morehouse College. Usidhani aliingia kwa sababu alikuwa genius. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imebeba vijana wengi jeshini, chuo kikabaki na viti tupu, kwa hivyo kikafungulia mlango wale hawajamaliza high school bora wapite mtihani maalum. Martin akapita. Kufika ndani akagundua kusoma kwake kuko kiwango cha darasa la nane. Si KCPE yenu, lakini umepata picha. Shule za weusi Georgia zilikuwa zinapewa makombo, na hata mtoto wa pasta mwenye uwezo alikuwa amebebwa nyuma na huo mfumo.

Morehouse yenyewe ni chuo kidogo cha wanaume weusi. Kilianza 1867, miaka miwili tu baada ya utumwa kuisha, kwa chumba cha chini cha kanisa mji wa Augusta, ndio baadaye kikahamia Atlanta. Babake Martin alisomea hapo. Babu yake wa upande wa mama pia. Kwa jirani kuna Spelman, chuo cha wasichana, ambako dadake Christine alikuwa anasoma. Sasa jaza mwenyewe: kijana anayejua kuongea, na chuo kizima cha madem hapo kando.

Luku yake ilikuwa inajulikana. Alipenda suti za tweed mpaka maboyz wakamwita Tweed. Alipenda kudansi pia, ingawa fathe yake alikuwa pasta Mbaptisti wa kanisa la Ebenezer na hayo mambo hakuyapenda hata kidogo. Beste yake mkubwa alikuwa Walter McCall, msee aliyemzidi umri, ametoka jeshini, na alikuwa kinyozi hapo campo ndio apate doo ya karo. Inasimuliwa kwamba Martin alinyolewa siku moja halafu akasema senti 10 atalipa baadaye. McCall hakuchukulia poa. Wakashikana, wakabingirishana kwa nyasi, na Martin, aliyekuwa mdogo kwa mwili, akashinda. Baada ya hapo wakawa kitu kimoja. Mabeste wengi huanza hivyo, na deni ndogo.

Aliyembadilisha ni rais wa chuo, Benjamin Mays. Huyu mzee wazazi wake walizaliwa watumwa South Carolina, na yeye akasoma mpaka akapata PhD pale Chicago. Alikuwa amefika India na kukutana na Gandhi uso kwa uso. Kila Jumanne alikuwa anaongea na wanafunzi kwa chapel, na kuhudhuria ilikuwa lazima. Wengine walikuwa wanasinzia. Martin alikuwa anaandika, halafu anamfuata mzee hadi ofisini kumbishia. Hapo ndipo aliona pasta anaweza kuwa msomi, tena asiyeogopa kuwaambia wazungu ukweli. Kabla ya hapo alikuwa anataka kuwa daktari au wakili, maana kelele za kanisa zilikuwa zinamwonea haya.

Agosti 1946, akiwa na miaka 17, aliandikia gazeti la Atlanta Constitution barua. Mwezi uliotangulia genge la wazungu lilikuwa limewaua weusi wanne kwa risasi huko Walton, Georgia, wanawake wawili wakiwa ndani. Barua ilikuwa fupi: watu weusi wanataka haki za kawaida za raia yeyote, elimu, kazi, kura, na heshima. Wazazi wake walisema baadaye kwamba hiyo barua ndiyo iliwashtua wakajua kijana wao ana kitu.

Sasa gredi. Alisomea sosholojia, na A moja pekee aliipata kwa darasa la dini la George Kelsey. Alimaliza Juni 1948 akiwa na wastani wa 2.48 kati ya 4. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hapa sina mdomo wa kumcheka mtu. Lakini hiyo transkripti ukiitumia leo kuomba kazi, hata hawakupigii simu. Alipoenda seminari ya Crozer, Pennsylvania, alipewa C kwa somo la kuhutubia. Eeh, kuhutubia! Ajabu ni kwamba huko ndiko alikaza, akamaliza 1951 akiwa wa kwanza darasani, na 1955 akapata PhD yake Boston.

Mwaka huo huo mambo yakarudi palepale pa basi. Montgomery, Alabama, weusi waligoma kupanda mabasi siku 381, na aliyewaongoza ni yule kijana wa Dublin, sasa pasta wa miaka 26. Mengine unayajua.

Lakini labda hii hujui. Mei 1959 Tom Mboya alifika Atlanta akitafutia Wakenya nafasi za masomo, na shirika la King likamwandalia hafla. King akakubali pia kusaidia karo ya Mkenya mmoja aliyekuwa Tuskegee. Septemba ndege ya kwanza ikabeba wanafunzi 81. King alipigwa risasi Memphis Aprili 4, 1968, ana miaka 39. Mboya naye, Julai 1969 pale Nairobi, miaka 38.

Siku ya mazishi, Aprili 9, jeneza la King liliwekwa kwa mkokoteni wa mbao, nyumbu wawili wakalivuta kutoka Ebenezer, maelfu wakitembea nyuma kwa jua, hadi Morehouse. Yeye na Mays walikuwa wamekubaliana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamhutubia. Kwa hesabu ya umri, mzee ndiye alifaa kutangulia. Akasimama hapo nje, kwa ua wa chuo, akamwongelea mwanafunzi wake.