Beryl Markham: Dame wa Farasi wa Ngong Road Mwenye Hollywood Ilimpatia Sini Chache Tu

Wasee wa muvi za farasi tunajuana. Kuna Seabiscuit ya 2003, Tobey Maguire akiwa joki mrefu kupita kiasi juu ya farasi mfupi kupita kiasi. Kuna Secretariat ya 2010, ile ya mama wa nyumbani anarithi shamba la farasi na kila mwanaume anamshow auze. Farasi mwenyewe aliishi kweli, na 1973 alishinda mbio za Belmont kwa mwanya wa farasi 31 wakipangwa mmoja nyuma ya mwingine. Hiyo si ya kompyuta, ilitendeka. Kuna Ride Like a Girl ya 2019, story ya Michelle Payne, mwanamke wa kwanza kushinda Melbourne Cup. Na ukitaka ya babu zako, kuna National Velvet ya 1944, Elizabeth Taylor bado akiwa mtoto.

Zote nimezicheki. Lakini kuna story moja inazichapa zote, na iko kwa ruti ya 111. Ukipanda mat Ngong, upite Bulbul, upite Karen, kabla Dagoretti Corner kuna ile ground kubwa ya Racecourse. Wengi wetu tunaijua kwa sherehe na maonyesho, farasi ni kama pambo tu. Huko ndani, kwa nyumba ndogo tu, miaka ya themanini alikuwa anaishi shosho mmoja Mzungu, mwembamba, doh hana. Jina lake Beryl Markham. Huyo shosho alikuwa ametrain washindi wa Kenya Derby mara 6. Na kabla ya hapo alikuwa amevuka bahari ya Atlantiki na ndege peke yake, usiku.

Alizaliwa Uingereza Oktoba 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka 4. Buda yake, Charles Clutterbuck, alichukua shamba Njoro, akaweka kinu cha unga na mazizi ya farasi wa mashindano. Tuwe wazi hapa: hiyo ndiyo enzi serikali ya mkoloni ilikuwa inagawa ardhi ya Bonde la Ufa kwa walowezi kama peremende, na Wamaasai wakihamishwa. Kwa hivyo huyu hakuwa mtoi wa ghetto aliyetoboa. Mlango ulikuwa umefunguliwa kabla afike. Mamake alirudi Uingereza na kakake Beryl, yeye akaachwa na mzae na farasi.

Na hapo ndio mambo inakuwa tofauti na watoto wengine wa walowezi. Beryl alilelewa nusu na wafanyakazi wa shamba, watu anaowaita Wanandi kwenye kitabu chake. Rafiki yake wa karibu alikuwa kijana anaitwa Kibii. Walikuwa wanatoka asubuhi miguu chini, mkuki mkononi, na mbwa mmoja mkali anaitwa Buller, wanaenda kuwinda ngiri na wazee. Aliongea Kiswahili na Kinandi kama lugha za nyumbani. Akiwa bado mdogo alishikwa na simba wa kufugwa wa jirani ya mzae, jina Paddy, akapona na makovu. (Watu wa Kitengela, najua nyinyi simba akipita nje ya geti hamshtuki tena, lakini huyu alikuwa anaitwa mpole.)

Farasi aliwajulia kwa zizi, si kwa shule. Shule alipelekwa Nairobi, hakukaa. Usiku mmoja, akiwa bado msichana, alimzalisha farasi jike anaitwa Coquette, na yule mtoto aliyezaliwa mzae akampatia awe wake. Akamwita Pegasus.

Shika hilo jina. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kukawa na ukame, na mzae alikuwa amejifunga na mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyopangwa. Mahindi ikapanda bei, yeye analazimika kuuza hasara. Shamba likaenda, farasi wakapigwa mnada, mzae akahama Peru. Beryl alikuwa na miaka kama 18 hivi, tayari ameolewa na mwanajeshi mmoja, Jock Purves, ndoa ambayo haikudumu. Kitabu chake kinasimulia vile alitoka Njoro kwenda Molo: yeye, Pegasus na mifuko miwili ya tandiko. Hiyo ndiyo mali yote. Molo akaanza kutrain farasi wa watu, na akapata leseni, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa trena wa farasi wa mashindano.

Siku moja kule Molo akaja mwanaume ametembea kutoka Njoro kumtafuta. Ni Kibii, sasa ametahiriwa, ni mtu mzima, jina arap Ruta. Alikuja kuomba kazi. Utotoni Kibii alikuwa anaruka juu kumshinda, na kwa pori Kibii ndiye alikuwa anajua njia. Sasa yeye ni Memsahib, na arap Ruta ni saisi. Beryl mwenyewe aliliona hilo na akaliandika, bila kulia wala kujitetea. Ningekuwa natengeneza hii muvi, hiyo sini ningeipatia dakika kumi bila muziki.

Sasa twende kwa mbio. Katikati ya miaka ya 1920 Beryl alikuwa anamwandaa farasi moto sana, jina Wrack, kwa mashindano ya St Leger hapa Nairobi. Hizo mbio hazikuwa Ngong Road wakati huo, uwanja ulikuwa upande wa Kariokor na Eastleigh, mahali leo ukiona kitu kinakimbia ni mkokoteni. Wiki chache kabla ya siku, mwenye Wrack akajazwa maneno: utaachaje mali kama hii kwa mikono ya msichana? Akamtoa, akampeleka kwa trena mwanaume.

Kilichobaki kwa zizi ilikuwa Wise Child, farasi jike wa damu safi lakini miguu mbovu. Kano zilikuwa zimeharibika, mtu alishawahi kumkimbiza sana mapema. Sasa fikiria hiyo kazi. Farasi wa mbio anajengwa kwa kukimbia, lakini huyu ukimkimbiza sana anavunjika, usipomkimbiza hana pumzi. Kila asubuhi ni kupima kidogo, kugusa miguu kama ina joto, kupunguza, kuongeza. Arap Ruta akikanda na kufunga bendeji. Hakuna mtu wa kuchukua nafasi ya miguu mipya, kwa hivyo ni kulinda iliyoko hadi hiyo siku moja.

Siku ikafika. Joki ni Sonny Bumpus. Wrack yuko kwa mstari, ndiye watu wameweka doh. Wise Child akakimbia vizuri hadi ile sehemu ya mwisho, halafu miguu ikaanza kumsaliti, kila mtu anaona. Wrack anamfikia. Na bado yule farasi jike akakataa. Akashinda. Beryl alikuwa na miaka ishirini na kitu. Kama hiyo si Seabiscuit, sijui ni nini, na hii ilikuwa miaka mingi kabla Seabiscuit azaliwe.

Maisha ya mapenzi siwezi kuruka, mtanikasirikia. Aliolewa mara 3. Wa pili, Mansfield Markham, ndiye alimwachia jina, wakapata mtoto wa kiume. 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza, Henry, Duke wa Gloucester, alikuja safari Kenya, na waandishi wa maisha ya Beryl wanasema hao wawili waliwaka hadi London. Wanasema pia familia ya kifalme iliweka pesa ya kumlipa kila mwaka hadi afe, ili mambo ipoe. Halafu kuna Denys Finch Hatton, yule mwindaji ambaye Robert Redford alimcheza kwa Out of Africa. Kwa muvi Denys ni wa Karen Blixen peke yake. Kwa ukweli, karibu na mwisho alikuwa na Beryl. Mei 1931 Denys alimwalika Beryl waruke pamoja kwenda Voi kutafuta ndovu. Rafiki yake, rubani Tom Campbell Black, akamwambia asiende. Hakuenda. Ndege ya Denys ilianguka Voi na kuwaka. Kaburi lake liko hapa kwetu, mteremko wa Ngong Hills, unaweza kupanda ukaliona.

Ni huyo Campbell Black alimfunza Beryl kuruka. Akaacha farasi, akapata leseni ya biashara, akaanza kubeba barua, abiria, hata mtungi wa oksijeni usiku hadi mgodi wa dhahabu Tanganyika, na kutafutia wawindaji ndovu kutoka juu. Hiyo ya ndovu kwangu ni noma mbaya, na sitaipaka rangi. Arap Ruta naye akahama kutoka zizi hadi banda la ndege, akajifunza injini kama alivyojifunza farasi.

Septemba 4, 1936 jioni, alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, na ndege ya kuazima kutoka kwa mlowezi wa Nyeri anaitwa Carberry. Target ilikuwa New York. Kwenda magharibi ni kupigana na upepo njia yote, ndiyo maana watu walikuwa wanapenda kuanzia Marekani. Alikaa hewani zaidi ya saa 20, mvua, giza, hakuna redio. Mafuta yakakatika, akaangukia bwawa la matope Cape Breton, Kanada, pua ya ndege chini, yeye ametoka na damu usoni. New York ilimpokea kwa msafara wa magari. Hakuna mwanamke alikuwa amewahi kuvuka peke yake kutoka upande huo.

Kitabu kilitoka 1942, West with the Night. Ernest Hemingway alikisoma, na kwa barua binafsi akakiri kwamba huyo dame anaandika kumshinda, ingawa hakuwa anampenda kama mtu. Dunia ilikuwa kwa vita, kitabu kikafa polepole. Kuna mtafiti mmoja, Errol Trzebinski, alishikilia kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye alikiandika. Mwingine, Mary Lovell, akapinga. Mimi naona zile kurasa za zizi hazitoki kwa mtu ambaye hajawahi kushika kwato.

Mwisho wa miaka ya arobaini alirudi Kenya, ndoa imeisha, doh imeisha. Na akiwa kwa miaka yake ya hamsini akaanza upya, na farasi. Uwanja ulikuwa umehamia Ngong Road, 1954. Kwa miaka kadhaa hapo ilikuwa ni Beryl na wengine. Zile Derby ziliingia moja baada ya nyingine. Kisha akajaribu Afrika Kusini, ikakataa, akarudi, umri umeenda, farasi wazuri wamepungua. Klabu ya mbio ikampa ile nyumba pale uwanjani akae bila kodi. Wezi walimvamia wakampiga. Kila asubuhi bado alikuwa anaamka na farasi.

Halafu mtu wa California mwenye mgahawa, George Gutekunst, akiwa anasoma barua za Hemingway akakutana na hilo jina. Akatafuta kitabu. 1983 kikachapishwa tena na kikauza vibaya sana Marekani. Shosho wa Racecourse akaanza kupata hundi za kitabu akiwa na miaka 80.

Machi 1986 Out of Africa ilibeba Oscar 7. Ndani kuna msichana anaitwa Felicity, anapenda farasi, anaongea bila woga, anaonekana kidogo tu. Huyo ndiye Beryl, wamembadilisha jina. Beryl mwenyewe alikufa Agosti 3 mwaka huo huo, hapa Nairobi. 1988 ikatoka muvi ya televisheni kumhusu, A Shadow on the Sun, Stefanie Powers ndani. Wachache wanaikumbuka. Ya arap Ruta haijatoka hadi leo, na script iko nusu tayari kwa hicho kitabu, inangoja tu mtu wa hapa mwenye kamera na farasi wa kuazima.