Ras Alula, Mtoto wa Mkulima

Wengi wetu tumesikia neno Ras. Maana yake ni kichwa, na katika Ethiopia ya zamani lilikuwa jina la cheo kikubwa chini ya mfalme, kilichokaa zaidi katika jamaa za wakuu. Alula Engida alikuwa mtoto wa mkulima wa Tembien, Tigray. Mfalme Yohannes wa Nne aliuona ushujaa wake, akampandisha hata akawa Ras mwaka 1876. Wenye nasaba wakamwonea kijicho. Aliwashinda Waitalia huko Dogali mwaka 1887, akapigana nao tena Adwa mwaka 1896. Lakini mwaka 1897 alipigana na jirani yake, Ras Hagos, na vita hivyo vikawamaliza wote wawili. Ndipo twakumbuka, ndugu wasomaji, kwamba kikulacho ki nguoni mwako.