Brinkley: Daktari wa mbuzi aliyelindwa na mnara wa redio

Kabla ya hawa jamaa wanaokuuzia dawa ya kila kitu kwenye TikTok, kulikuwa na John Brinkley. Alizaliwa 1885 katika milima ya North Carolina, Marekani. Kufikia kifo chake mwaka 1942, alikuwa amekula pesa za watu wengi sana ambao hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Silaha yake ilikuwa redio ya AM.

Brinkley alianza kusomea udaktari, akaacha njiani, kisha akanunua cheti kutoka chuo kimoja cha Kansas City. Kuacha chuo si jinai, hata mimi niliacha. Shida ni kuacha halafu ushike kisu.

Mwaka 1917 alihamia Milford, kamji kadogo huko Kansas. Hapo ndipo alipoanza biashara iliyomtoa: kuwapandikiza korodani za mbuzi wanaume waliolalamika kuwa nguvu zimeisha. Bei? Dola 750. Enzi hizo, ungenunua gari jipya la Ford Model T na ubaki na chenji.

Mwaka 1923 akafungua kituo chake, KFKB. Usidhani kilikuwa kituo cha matangazo tupu. Mkulima aliyekaa kilomita kadhaa kutoka kwa jirani yake alipata muziki, mahubiri na hadithi bila kutoka nyumbani. Wasikilizaji walikipenda hadi jarida la Radio Digest likakipa taji la kituo maarufu zaidi Marekani.

Sasa skiza alivyocheza. Katikati ya burudani, Brinkley alisoma barua za wagonjwa hewani, kisha akawatajia dawa kwa namba. Mgonjwa anaenda dukani, anaitisha namba yake, na mwenye duka anamrudishia Brinkley kitu kidogo. Hakuna aliyepimwa. Lakini alijua jambo moja ambalo madaktari wengi hawakulijua: mtu mwenye aibu hamwendei daktari wa mtaani kwake. Humwamini yule wa mbali, asiyemjua sura.

Mwaka 1930 mambo yakachemka. Kansas ilimpokonya leseni ya udaktari baada ya kubainika kuwa alikuwa ametia sahihi vyeti vya vifo zaidi ya 40. Tume ya redio nayo ikakataa kuhuisha leseni ya KFKB. Unadhani alitulia? Mwaka huo huo aligombea ugavana bila jina lake kuwa kwenye karatasi ya kura. Wapiga kura walilazimika kuliandika wenyewe, na maelfu ya kura zikatupwa kwa sababu hawakuliandika jinsi ilivyotakiwa. Akashindwa.

Kisha akavuka mpaka. Mwaka 1931 alisimamisha minara ya futi 300 huko Villa Acuña, Mexico, ng'ambo tu ya mto kutoka Del Rio, Texas. Sheria za redio za Marekani hazikufika huko, lakini sauti yake ilifika Marekani bila pasipoti. Usiku, mawimbi ya AM hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana, na kituo chake, kilichokuja kuitwa XERA, kilikuwa na nguvu kubwa hadi kikasikika Canada. Muziki wa Carter Family uliwafikia wengi kupitia minara hiyo hiyo iliyouza uongo.

Kilichomwangusha ni kiburi. Dkt Morris Fishbein wa chama cha madaktari alimwita tapeli kwa maandishi, naye Brinkley akakimbilia kortini. Mwaka 1939 alishindwa kesi hiyo, na wagonjwa wake wa zamani wakaanza kumshtaki mmoja baada ya mwingine. Kufikia 1941 alikuwa amefilisika na Mexico ikafunga XERA. Mwaka uliofuata akafa, akiwa na miaka 56.

Minara yake ilinyamaza, lakini hesabu yake bado inafanya kazi: kufurahishe kwanza, gusa aibu yako, kisha taja bei. Kwa hivyo ukikutana na sauti tamu inayojua shida yako kabla hujaieleza, jiulize kitu kimoja tu. Dawa ikikudhuru, huyo msee utampata wapi?